Mfagiaji wa Jumapili Jioni

Mwezi uliopita nilirudi kutoka msibani Kwimba nikinuka moshi. Siku tatu nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, tukiwapikia watu kwa mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, maana kuni upande ule zimekuwa hadithi. Moshi wa mabua ya pamba hautoki kwa kuoga mara moja. Unakaa kwenye nywele, unakaa kwenye nguo za ndani, na machoni ndiko kwake. Nilipofungua mlango wa nyumba yangu, binti yangu wa miaka tisa aliinua uso kutoka kwenye simu aliyokuwa akitazamia tamthilia, akanikodolea macho, akaangua kicheko. "Mama, macho yako! Umekuwa mchawi!"

Alikuwa anatania, na mimi kwa kawaida ni mtu wa utani. Lakini nilimnyang'anya ile simu kwa nguvu hadi ikaanguka sakafuni. Mtoto alinitazama mdomo wazi. Ilibidi niketi naye nimsimulie habari ya bibi yangu, mama mzazi wa baba yangu, na nilipomaliza nikaona afadhali niwaandikie na ninyi wenzangu wa rika langu, mliokuwa mkitazama televisheni kupitia dirisha la jirani mkiwa mmesimama juu ya tofali. Tunapenda kusema sisi tulitazama kila kitu na hatukuharibika. Mimi siwezi kusema hivyo.

Tulikuwa tunakaa Mkolani, pembezoni mwa mji. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya barafu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, mtu mpole, mwenye kupenda vikao kuliko chakula, kwa sababu zamani aliwahi kuwa katibu wa tawi la wafanyakazi kwenye kiwanda cha nguo. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kila wiki kitu kipya kilikuwa kimeingia mjini: mitumba, redio kaseti, sabuni za kunukia, na hatimaye televisheni. Yetu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, nene kwa nyuma kuliko ilivyokuwa pana kwa mbele, na baba aliipata kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa amehamia kwenye ya rangi. Antena ilikaa juu ya mti mrefu uani. Mmoja wetu aliuzungusha ule mti huku wengine wakipiga kelele kutoka ndani, "Hapo hapo! Umepitiliza! Rudisha!"

Kila Jumapili, saa kumi na mbili jioni, kulikuwa na tamthilia moja ya Kiingereza kitupu. Jumba kubwa la ghorofa, watoto wawili waliovaa soksi hata kitandani, mwanamume mwenye masharubu ambaye tulimchukulia kuwa baba yao, na mwanamke mzee mwenye gauni refu. Huyo mzee alitokea usiku miguuni mwa kitanda cha watoto, akasimama tu, kisha akatoweka bila mlango kufunguka. Sebule yetu ilijaa watoto wa mtaa mzima, ndala zao zimerundikana mlangoni, na alipotokea tulipiga mayowe hadi mbwa wakabweka. Jina la tamthilia kwa Kiingereza silikumbuki na sidhani kama niliwahi kulijua. Sisi tuliiita Mfagiaji.

Jina hilo lilitoka kwa kaka yangu Shija, aliyekuwa kidato cha pili na ndiye pekee nyumbani mwenye Kiingereza. Alisimama kando ya televisheni na kifimbo, akitafsiri kwa sauti ya mwalimu mkuu. Katika sehemu ya pili, yule mwenye masharubu alimwambia polisi maneno fulani kuhusu mwanamke mzee, na Shija akatafsiri, "Anasema macho yake mekundu, na kila usiku anafagia." Kwetu hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Mtu mwema hafagii usiku, maana ni kuzitoa baraka za nyumba na kuzitupa nje, na anayefanya hivyo ana yake. Na habari ya macho mekundu kwa mtu mzee tulikuwa tunaijua kabla hatujajua kusoma. Ufagio wenyewe hatukuuona hata siku moja, lakini nani angeuliza? Mchawi wa kweli ufagio wake hauonekani.

Tena naapa kwamba niliyaona yale macho, mekundu kabisa, kwenye televisheni ya nyeusi na nyeupe. Hata sasa nikifumba yangu nayaona. Nikifikiria jinsi kichwa cha mtoto wa miaka minane kilivyoweza kupaka rangi mahali pasipo na rangi, ninashtuka upya.

Bibi alikuja katikati ya msimu ule. Baba alikwenda kwao Kwimba ghafla, siku ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kesho yake wakashuka Buhongwa, jirani na kwetu, kwenye lori la pamba, yeye, Bibi na furushi moja. Sisi watoto tuliambiwa amekuja kutibiwa macho. Hiyo ilikuwa nusu ya kweli. Macho yake yalikuwa yamevimba na kuiva kwa moshi wa jikoni wa maisha yake yote, na mama alimpaka dawa ya tyubu kila jioni. Nusu ya pili sisi watoto hatukuambiwa, lakini ninyi nawaambia sasa hivi. Kijijini kwake mtoto wa jirani alikuwa amefariki, na jina la Bibi likaanza kutajwa. Miaka ile, upande ule, kikongwe mwenye macho mekundu akishatajwa jina kilichofuata kilikuwa mapanga. Wawili wa kijiji kilekile walikuwa wameshazikwa. Nyumba yetu ya Mkolani ndiyo ilikuwa kinga yake, na kinga yenyewe ilikuwa hii tu: kwamba huku hakuna aliyemsema.

Nililala naye kitanda kimoja. Alikuwa na mwili mdogo, mgumu mikononi, laini mashavuni, na kwenye pindo la kanga yake hakukukosekana karanga za kukaanga. Nikivuta shuka usingizini alinifunika miguu na kusema, "Lala, mjukuu wangu, balidi hii itakuua." Kiswahili chake kilikuwa hicho cha Kisukuma, habari ikawa habali na karibu ikawa kalibu, na mimi na Shija tulimwiga tukicheka, naye akicheka nasi. Alikuwa na desturi moja ya kijijini ambayo mjini hakuiacha. Jogoo wa kwanza akiwika, kabla hakujapambazuka, alichukua ufagio akafagia uwanja mzima, kwa sababu kwao ni aibu wapita njia wakute uwanja una majani. Nilikuwa nausikia ule ufagio nikiwa kitandani. Mwanzoni haukunisumbua hata kidogo.

Ugomvi wa televisheni uliletwa na mama. Alirudi kutoka kwaya, akaweka Biblia mezani, akamwambia baba, "Kanisani wanasema kile kipindi kinaita mapepo. Na Sayi amekojoa kitandani mara tatu." Sayi alikuwa mdogo wetu wa mwisho, wa miaka minne. Baba akakuna kidevu. Alisema hawezi kukihukumu kitu kwa maneno ya watu wasio na televisheni. Tutakaa kama familia, tutatazama kuanzia mwanzo hadi mwisho bila watoto wa jirani, na mkubwa wa nyumba ndiye atakayetoa uamuzi kama kinafaa watoto au hakifai. "Na mkubwa wa nyumba hii si mimi," akasema. "Ni Mayu." Mayu ndivyo alivyomwita mama yake.

Nilifurahi mno. Mtu mzima wa shamba, nilifikiri, ambaye hajawahi kuona picha zikitembea, ataipenda kuliko sisi.

Jumapili ile Bibi alikataa kochi. Alikaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, dawa ya njano iking'aa kwenye kope. Baba akafungua kikao, kweli kabisa, akisema ajenda ni moja. Shija akashika kifimbo chake.

"Hawa wanalima nini?" Bibi akauliza.

"Hawalimi, Bibi."

"Na jumba lote hilo wanapikia wapi? Tangu nimekaa sijaona moshi."

Mama alicheka, baba akacheka, na mimi nikaona mambo yanakwenda vizuri. Kisha yule mwanamke mzee akatokea miguuni mwa kitanda. Sayi akamrukia mama. Bibi akasogea mbele kidogo.

"Na huyu mama mtu mzima? Mbona watoto hawampi shikamoo?"

"Huyo ni mchawi, Bibi," Shija akasema.

"Nani kasema?"

"Wamesema wenyewe. Macho yake mekundu, na kila usiku anafagia."

Nilikuwa namtazama Bibi, nikitaka kuona akishtuka kama sisi tulivyoshtuka. Niliona baba akiinamisha kichwa na mama akinyanyuka kwenda jikoni, ingawa jikoni hakukuwa na kitu. Bibi alichukua pindo la kanga akajipangusa macho taratibu, la kulia, halafu la kushoto. "Kumbe na kwa Wazungu ni macho," akasema.

Alitazama hadi mwisho, hadi majina ya watu yalipopanda yote. Baba akasema, kwa sauti ndogo kuliko ya kufungulia kikao, "Mayu, tunakusikiliza."

"Hii haifai watoto," Bibi akasema. "Wakubwa pia haiwafai, ila wakubwa hawaambiliki."

"Toa sababu, Mayu, ili waelewe."

"Umeniuliza, nimejibu." Akajinyanyua kwa kushika ukuta, akaenda kulala.

Baba aliondoa waya wa antena siku ileile. Nililia hadi nikapata kwikwi. Niliona nimeonewa na mtu aliyekuja juzi na furushi, mtu asiyejua hata kuwasha taa ukutani, na nikawa namchukia kwa chuki ile ya mtoto ambayo haina breki. Usiku nikamgeuzia mgongo kitandani. Alfajiri nikasikia ufagio nje, gizani, shwa, shwa, shwa, na kwa mara ya kwanza nikausikia vingine. Nilikaa kitandani wima. Macho mekundu. Anafagia kukiwa giza. Na ndiye aliyekataa tusitazame. Mambo yote yalijipanga kichwani mwangu kwa mpigo mmoja, na badala ya kuogopa tu, nilijiona nina akili kuwashinda watu wote wa nyumba ile.

Jumatatu jioni nilikuwa bombani na ndoo yangu, kwenye foleni. Rafiki yangu Pendo, mtoto wa jirani yetu wa ukuta mmoja, akaniuliza kama Jumapili ijayo waje.

"Msije. Bibi amekataa."

"Kwa nini amekataa?"

"Anaogopa tutamjua," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, tamu mdomoni. Watoto wakanisogelea. Tutamjua nini? Nikawaeleza yote, macho na ufagio, nikihesabu kwa vidole, nikiongeza mbwembwe hapa na pale, kwa sababu hakuna siku nyingine foleni nzima ilikuwa imenisikiliza mimi. Mama Pendo alikuwa ameshajitwisha ndoo yake. Alisimama nayo kichwani, mikono juu, hakuondoka hadi nilipomaliza. Niliona fahari mtu mzima kunisikiliza.

Siku mbili baadaye mdogo wake Pendo alishikwa na degedege akapelekwa hospitali. Pendo hakunipitia tena kwenda shule. Bombani wanawake walimpa mama nafasi ya mbele bila yeye kuomba, wakikaa mbali naye, na mmoja akamuuliza kwa upole mwingi, "Mgeni wenu kwao ni wapi vile?" Mama aliyasimulia hayo mezani, na baba akaacha kula.

Jumamosi kulipopambazuka nilimkuta Bibi amesimama mlangoni kwa ndani, mlango wazi, hajatoka. Kizingitini, umelazwa kutoka upande huu hadi upande ule, kulikuwa na ufagio mpya wa nyasi uliofungwa kitambaa chekundu. Hakuuruka wala hakuugusa. Alikuwa amesimama hapo tangu jogoo wa kwanza, akingoja mwanawe aamke. Baba alipofika nyuma yake, Bibi hakugeuka.

"Wamefika," akasema.

Sikuwahi kumwona baba akiwa na sura ile. Alimshika Shija ukosi, akamtikisa, akiamini ni tafsiri zake zilizosambaa, na Shija akaapa kwa Mungu na kwa mbingu. Mama yeye aliruka ule ufagio, akaenda moja kwa moja kwa Mama Pendo. Alikaa huko muda mfupi sana. Aliporudi alinishika kidevu. "Ulisema nini bombani?"

Nikamwambia. Na ninyi mnaosoma, haya ndiyo yananiumiza: nilimwambia kwa majivuno, nikidhani nitapongezwa. Mama aliniachia kidevu akakaa chini, mchangani, na kitenge chake kizuri. Hakunipiga. Aliniambia palepale kwa nini Bibi alikuwa kwetu. Aliwataja wale vikongwe wawili wa kijijini kwa majina, mmoja wao mtu aliyewahi kunibeba, akaniambia waliuawa kwa mapanga, na kwamba kifo cha kila mmoja wao kilianza kwa maneno ya mtu kama hayo yangu. Nilimtazama Bibi uwanjani, akiwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, furushi lake limeshafungwa, nikataka dunia irudi Jumatatu. Kwa hiyo msije mkafikiri kwamba kilichofuata nilikifanya kwa kutojua. Nilijua yote.

Baba bado aliamini katika vikao. Mtaani kwetu alikuwa amepanga Mwalimu Magesa, mtu wa Musoma, aliyefundisha Kiingereza shule ya sekondari. Baba alimwomba aje Jumapili atafsiri ile tamthilia mbele ya majirani wote, apime mtu mwenye elimu kama ni kitu cha kuaminiwa au ni upuuzi. Alirudisha waya wa antena kwa mikono yake. Saa kumi na mbili sebule ilijaa, safari hii watu wazima, na wengine dirishani. Bibi alikaa kwenye mkeka wake ukutani. Kumzunguka palibaki wazi, ingawa watu walikuwa wamebanana.

Ikaanza. Yule mwenye masharubu akatokea, akazungumza na padri, na maneno yake yalikuwa yaleyale aliyomwambia polisi. Hata mimi niliyatambua kwa mlio wake. Mwalimu Magesa akakunja uso.

"Nani aliwaambia anafagia?"

Watu wakamtazama Shija.

"Kijana, hakusema anafagia. Amesema analia. Kila usiku analia, ndiyo maana macho yake ni mekundu." Akaeleza kwamba kwa Kiingereza kulia na kufagia, weep na sweep, ni maneno yanayopishana kwa herufi moja tu ya mwanzo, na sikio lisilozoea hulisikia moja kuwa jingine. Akaendelea kusikiliza, kidole juu. "Ngojeni. Huyu mtoto anamwita bibi. Ni bibi yao, mama wa marehemu mama yao. Na yeye ni marehemu. Anakuja kuwalinda. Huyu mwenye masharubu ni baba wa kambo, ndiye mwenye nia mbaya nao, ndiyo maana anamsema."

Mama Pendo aliweka viganja mdomoni. "Mungu wangu, analia!" akasema. "Maskini, kumbe analia!" Mtu akacheka, wengine wakafuata, kicheko cha kupumua. Shija alificha uso kwenye shati. Baba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, na mimi moyo uliniruka kwa furaha, nikajua imekwisha, Bibi atabaki.

Baba Pendo hakuwa amecheka. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, macho yake yamechoka kwa kukesha hospitali.

"Asante, mwalimu," akasema. "Huyo wa kwenye kioo analia. Tumekubali. Sasa huyu wa hapa?"

Nikaona tabasamu la baba likibaki usoni bila mwenyewe.

"Ni moshi, jirani," baba akasema. "Moshi wa jikoni tu."

"Wote tunapikiwa kwa moshi, jirani. Mwanangu yuko kitandani siku ya tano."

Kiingereza cha Mwalimu Magesa hapo hakikuwa na kazi. Televisheni iliendelea kuongea peke yake, na ndipo Bibi akazungumza, kwa heshima, kama anavyozungumza mtu na mwenye nyumba.

"Umeuliza vizuri, baba. Mimi nikijisemea, ni maneno yangu mwenyewe, hayana uzito. Lakini hapa kuna mtu ambaye ninalala naye kitanda kimoja tangu nimekuja. Kama mimi ni mtu wa usiku, yeye ndiye angeanza kujua." Akaupigapiga mkeka pembeni yake. "Njoo, mjukuu wangu. Kalibu, ukae na bibi yako, wakuone."

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha mama. Kutoka pale hadi kwenye mkeka zilikuwa hatua nne, na nilizielewa zote nne. Nilielewa kwamba nikienda nikakaa, nikaegemea bega lile ninaloliegemea kila usiku, Baba Pendo angeniona, na foleni nzima ya bombani ingesikia kwamba yule yule aliyesema ndiye aliyekwenda kukaa. Hakuna kingine kilichohitajika. Mama alinisukuma kidogo kiunoni. "Nenda," akanong'ona.

Bibi alinitazama. Mwanga wa televisheni ulimpiga usoni, na macho yake hayakuwa ya nyeusi na nyeupe. Yalikuwa mekundu, mekundu ya kweli, yenye maji, yakinisubiri. Nilijua ni moshi. Nilijua maneno yalikuwa yangu. Na mwili wangu ulikataa. Nilishika kiti cha mama kwa mikono miwili, nikatikisa kichwa.

Mkono wa Bibi ulibaki juu ya mkeka kidogo, kisha akaurudisha ndani ya kanga. Watu wakaanza kuaga, mmoja mmoja, wakitafuta ndala zao mlangoni kwa adabu kubwa, na Baba Pendo alivaa kofia yake akatoka bila kuaga.

Jumatatu baba alimpeleka Bibi kwenye meli ya Nansio, kwa shangazi yetu kisiwani Ukerewe, ambako mume wa shangazi alikuwa amekwisha kusema nyumba yake ni ndogo. Walimwekea kibanda cha nyuma, na alikaa humo hadi alipofariki kwa maradhi yake mwenyewe, miaka michache baadaye. Mdogo wake Pendo alitoka hospitali Jumanne, siku moja baada ya Bibi kuondoka. Ilikuwa malaria. Mtaani walizipanga siku hizo mbili wakaona zinawapa haki.

Asubuhi ile ya kuondoka, mama alikuwa ameshachuma fimbo kwa ajili yangu. Bibi alimwona nayo. Aliweka furushi chini, akamwambia, "Usimpige mtoto. Ila umwangalie usiku, amezoea kulala na mtu. Ataogopa peke yake." Kwangu alisema tu nibaki salama. Nilimpa shikamoo nikiwa mbali, naye akaitikia marahaba.

Usiku mama aliniachia mlango wazi na taa ya sebuleni ikiwaka, kama alivyoagizwa. Kitanda chote kilikuwa changu. Ningependa kuwaandikia kwamba nililia, au kwamba niliogopa. Nilinyoosha miguu hadi mwisho, nikajifunika shuka mpaka kidevuni, na nililala fofofo hadi asubuhi.